Pazia la Mama Ineza

SEHEMU YA SITA

Mkono wa Wairimu ulikuwa umeshika pazia.

Hapo ndipo tulipokatisha juma lililopita, na najua wapo waliolala na kinyongo na mimi. Haya, msininunie. Mkono bado uko palepale.

Pazia lenyewe jipya, la maua mekundu, linaning'inia toka darini mpaka sakafuni, mbele ya ukuta usio na dirisha. Karibu na mlango kasimama Ethan, mkaguzi wa manispaa, tableti mkononi. Pembeni yake yuko Yohance, Mmarekani mweusi wa chama cha wapangaji, aliyejifunza Kiswahili chuoni, na ndiye mkalimani. Katikati ya sebule yuko mwenyeji wao, Flaviana, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kope.

"Mgeni," Wairimu akamwambia Ethan kwa Kiingereza, kwa sauti ya upole wa kununua ugomvi, "kwenu mnaweka pazia mahali hakuna dirisha?"

Ethan akacheka kidogo, asijue kama anatakiwa kucheka.

"Ni urembo!" Flaviana akadakia, akaruka, naye akashika pazia. "Kwetu Bukoba tunapamba kuta!"

Sasa wako wawili, kila mmoja kashika upande wake, wanatabasamu meno yote nje, na wanasemezana Kiswahili ili mgeni asielewe.

"Achia, Wairimu."

"Wacha aone vile unaishi. Ati nyumba ya familia!"

"Achia, usiniaibishe mbele ya watu."

"Aibu ulishaivisha maua, bado inanuka."

"Wivu unakutafuna wewe."

"Mimi? Nikuonee wivu ya nini? Hiyo kochi ya kuomba?"

Yohance, aliyeelewa kila neno, akatazama viatu vyake. Ethan akamuuliza wanawake hao wanasema nini.

"Wanajadili kitambaa," Yohance akajibu.

Kwa aliyekosa gazeti la nyuma, ngoja nimwonjeshe. Kando ya Route 7, upande wa Falls Church, huku Marekani, yapo majengo mawili ya zamani ya wapangaji wa kipato kidogo: Jengo A na Jengo B. Kila mwaka serikali kuu huzigawia manispaa ruzuku, na manispaa zenyewe ndizo huamua zitengeneze nini: nyumba za watu wasiojiweza, njia za miguu, taa za mtaani, viwanja vya watoto. Mwaka huu taa na njia zimeshapata fungu lao. Fungu la nyumba linatosha jengo moja tu.

Jengo litakalopewa litabadilishiwa mabomba na kuta, na kodi yake itafungwa isipande kwa miaka mingi. Jengo litakalokosa, mwenye mali keshasema analiuza. Mnunuzi yupo, anataka kubomoa ajenge fleti za vijana wa kompyuta. Flaviana na Wairimu wote wawili ni wa Jengo B. Mkaguzi anaangalia fleti moja kila jengo, kisha wakubwa wa manispaa wanakata shauri kwenye mkutano wa wananchi.

Sasa, wapangaji wa Jengo B walikuwa wamemchagua Wairimu ampokee mkaguzi. Flaviana aliposikia, chakula hakikushuka. Akapita mlango kwa mlango. "Mgeni wa serikali apokelewe kwa mwanamke asiye na mume wala mtoto? Apokelewe penye familia jamani!" Watu wakaona haya kumkatalia mjane. Wairimu akavuliwa, Flaviana akavikwa.

Na tusidanganyane, haikuwa habari ya familia. Ilikuwa habari ya Ineza.

Ineza ni binti wa pekee wa Flaviana, miaka kumi na mitano, mwembamba, ana pumu. Baba yake, marehemu Ndikumana, alikuwa mtu wa Bujumbura. Huyu mtoto akitoka shule hupitia kwa Anti Wairimu ghorofani. Akishuka anasema ameshiba. Ameshiba! Na ndizi za mama yake zinapoa jikoni. Mama anaweza kuvumilia mengi, lakini kuambiwa na mwanawe kwamba ameshiba kwa jirani, hilo linakaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi turudi kwenye pazia.

Flaviana akavuta, Wairimu akavuta. Fimbo ya pazia ikalia kwaa. Flaviana akaona mambo yanaharibika, akafanya alilolijua. Akaachia ghafla.

Wairimu akayumba nyuma, akakaa kitako kwenye meza ya chai.

"Pole, dada!" Flaviana akapaza sauti kwa Kiingereza. "Jirani yangu ana kizunguzungu. Yohance, mwanangu, msaidie umtoe nje apate hewa. Na wewe mgeni, twende jikoni, pilau inapoa."

Wairimu akatolewa mzimamzima, mdomo wazi, na pazia halikufunuka hata kidole.

Ethan alikula sahani mbili. Alipiga picha sebule, akapiga picha jiko, akagusa kuta zilizong'arishwa kwa jiki siku mbili mfululizo. Aliposimama mlangoni kuaga akasema maneno ambayo Flaviana aliyameza kama asali: "Mama, nyumba yako ni nzuri sana."

Flaviana akatoka mpaka kwenye ngazi ili asikike juu.

"Mmesikia jamani? Nzuri sana! Kasema mtu wa serikali!"

Juu, mlango ukabamizwa.

Kicheko chake hakijaisha, akaingia Laurence, mama Mkongomani wa mlango wa pili, na vijana wawili nyuma yake.

"Mama Ineza, bageni bameenda? Niko nakuya kukamata kanape yangu."

"Mama, hata pumzi sijavuta!"

"Utavutia chini, chérie. Mume yangu anatoka kazi, atakaa wapi?"

Kochi likatoka. Zulia na meza ya chai vikatoka. Saa ya ukutani ikatoka, maana nayo ilikuwa ya Laurence. Sebule ikabaki na pazia.

Yohance alirudi kutoka kumsindikiza mkaguzi garini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona ajali.

"Mama Ineza, shikamoo tena."

"Marahaba mwanangu. Umeona tulivyompokea?"

"Nimeona. Naomba kukuuliza jambo. Kwa nini uliuficha ukuta ule?"

Flaviana akamtazama kwa huruma. Mtoto wa watu, kasoma lugha bila kusoma mila. "Mwanangu, mgeni haonyeshwi choo."

"Lakini mama, mgeni huyu alikuja kutazama choo."

Flaviana akanyoosha pindo la pazia.

"Ruzuku hii ni ya nyumba mbovu," Yohance akaendelea, polepole, kila neno limenyooka kama limepigwa pasi. "Wanatafuta jengo lililoharibika zaidi. Yeye ameandika kwamba Jengo B lina hali njema na halihitaji matengenezo ya haraka."

"Kasema nzuri sana..."

"Ndiyo. Nzuri sana. Kule Jengo A walimwonyesha shimo la ukutani linalopita paka. Mzee mmoja alikohoa mbele yake mpaka mkaguzi mwenyewe akamletea maji."

Flaviana akajitupia kanga kichwani. Akarudi nyuma akae kwenye kochi. Kochi lilikuwa kwa Laurence. Akafika chini, pu! Na hapo chini akabaki, kanga imemfunika nusu uso.

"Nimetuuza, Yohance?"

"Bado. Nimemsihi sana. Atarudi kesho asubuhi, kabla ya mkutano."

"Mungu akubariki! Nitalishusha hili pazia sasa hivi, aone ukungu mweusi ulivyopanda!"

"Si kwako. Kwako kumeshafungwa, picha zimekwenda. Amekubali kuangalia fleti nyingine moja." Akanyoosha kidole juu. "Mimi nimemtajia ya Dada Wairimu. Dari yake kila mtu anaijua."

Wasomaji, kama mmewahi kunywa shubiri bila maji, mnajua ladha aliyoisikia Flaviana.

"Basi kamwambie."

"Nimeshapanda. Amesema hafungui mpaka uende wewe. Kwa mdomo wako."

Flaviana akafungua mdomo akatae. Chumbani Ineza akakohoa, kile kikohozi kinachovuta pumzi kama msumeno kwenye mbao mbichi.

Mama akanyanyuka.

* * *

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni nani?"

"Mama Ineza."

"Eh! Mama Ineza yuko chini na wageni wake wa serikali. Wewe utakuwa mwingine."

"Wairimu, fungua tafadhali. Watu wanasikia."

"Si ndio utamu?"

Flaviana akapumua. Akasema haraka, kama mtu anayebandua plasta: kwamba mkaguzi anarudi, kwamba kwake kumeshaandikwa ni kuzuri, kwamba jengo litauzwa, kwamba fleti ya kuonyeshwa ni hii, na kwamba anaomba.

"Unaomba nini? Sisikii vizuri."

"Naomba umpokee wewe."

"Na mimi sina familia?"

Flaviana akafumba macho. "Hilo nililisema kwa ujinga."

Mlango ukafunguka. Harufu ikamkumba usoni. Rangi! Rangi mbichi!

Akainua kichwa. Dari iliyokuwa maarufu jengo zima, ile yenye miduara ya kahawia kama ramani, ile iliyokuwa ikidondosha maji kwenye beseni mvua ikinyesha, ilikuwa nyeupe pe. Madirisha yana mapazia ya kushonesha. Mezani kuna maua.

"Wairimu, umefanya nini?"

Wairimu akafunga mlango nyuma yao. Akajikuna shingo.

"Nilijua akishaona uchafu wako, atataka kuona nyumba safi. Nilikuwa nimlete huku. Nilipika mpaka chapati."

Flaviana akamtazama. Akatazama dari. Polepole akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtia kizunguzungu cha kweli.

"Yaani ungelivuta lile pazia..."

"Tungepona," Wairimu akasema.

"Na mimi nikakuzuia."

"Kwa nguvu kama za ng'ombe. Mgongo bado unaniuma."

Nani alianza kucheka, hata mimi siwezi kuwaambia. Walicheka mpaka Wairimu akashika ukuta, na mkono ukabaki na rangi, wakacheka tena. Kwa dakika hiyo moja hapakuwa na mwenye mtoto wala asiye na mtoto.

Kisha Flaviana akaenda jikoni, akarudi na visu viwili vya mezani.

"Panda kiti. Tukwangue."

"Rangi yangu mpya?"

"Yote."

Wakapanda viti, wakakwangua. Vumbi jeupe likawajaa nywele. Dari ikaanza kuonyesha uso wake wa zamani.

"Enyewe hii ni mbaya," Wairimu akasema kwa majivuno. "Kwako haikufika hivi."

"Nani kakwambia? Kwangu ukungu ni mweusi ti."

"Wako ni mweusi. Wangu una manyoya."

"Kwangu uyoga umeota nyuma ya kabati!"

"Uyoga ni chakula, mama. Mimi bomba limetoboka mara tatu."

Hata kwa ubovu, hawa wawili wasingekubali mmoja ampite mwenzake. Lakini kazi ilikwenda, na jua likawa linashuka nyuma ya maduka ya barabarani, na Flaviana akaanza kumwona Wairimu kuwa mtu wa kawaida kama yeye.

Hapo ndipo Wairimu alipojisahau.

"Nikimaliza nitakaanga mayai. Nitamwekea Ineza yake pembeni, hataki kitunguu."

Kisu cha Flaviana kikasimama.

"Nani kakwambia hataki kitunguu?"

"Yeye."

"Mwanangu anakula vitunguu. Nampikia kila siku."

"Anavitoa, Mama Ineza. Anaficha kwenye tishu. Hataki kukuumiza roho."

Flaviana akarudi kukwangua, lakini sasa alikwangua kama anayekwangua mtu. Miaka kumi na mitano. Na wa kumfundisha mambo ya mwanawe ni huyu. Wivu ulikuwa umelala kidogo tu, ukaamka na njaa.

Jioni akapanda gari kwenda kazini Woodbridge, kwenye nyumba ya wazee ambako hukesha kazini karibu kila usiku. Kwenye foleni ya magari neno moja lilikuwa likizunguka kichwani: kwenye tishu, kwenye tishu.

* * *

Asubuhi Ethan akabisha. Flaviana hakuwa hata amelala, alikuwa ametoka garini na kupanda moja kwa moja.

Wairimu alikuwa anateseka. Alitembea huku na huku akisugua mikono.

"Hata kitambaa kidogo cha meza?"

"Hata kimoja," Flaviana akasema.

"Basi chai."

"Bila vikombe vya kabatini. Mpe kwenye kikombe kilichovunjika mkono."

"Mungu wangu. Mama yangu akisikia."

"Mama yako anakaa kwenye nyumba isiyovuja. Fungua mlango!"

Ethan akaingia, akatazama juu, na akasema "Oh." Hilo neno liliwafurahisha wanawake wawili kuliko sifa zote alizozitoa jana. Akapiga picha dari, akapiga picha beseni. Akagusa ukuta, kidole kikazama. Akapiga mluzi.

"Hii ni mbaya," akasema. "Mbaya kweli."

"Asante!" Wairimu akajibu kwa moyo wake wote.

Yohance akageuza uso asionekane akicheka.

Lakini Ethan hakufunga tableti. Akaeleza, na Yohance akatafsiri ingawa wote walielewa, maana jambo zito husikika vizuri kwa lugha ya nyumbani. Kwa ubovu, majengo mawili sasa yamelingana. Wakubwa wataangalia kitu kimoja zaidi: mgonjwa. Jengo A wana mzee mwenye pumu anayeishi ndani ya fleti iliyokaguliwa. Mtoto mgonjwa huhesabiwa zaidi ya mzee. Je, ndani ya fleti hii anaishi nani?

Wairimu akatazama sakafu. "Naishi mimi."

"Peke yako?"

Wairimu akautupia jicho mlango wa chumba cha ndani.

"Mwanangu ana pumu!" Flaviana akasema. "Hapo chini tu! Jana ulikula pilau yangu, chumba chake ni cha pili!"

"Mama, samahani. Fleti yako niliiona. Kuta zilikuwa safi. Nauliza hii."

Flaviana akahisi jengo zima linamkalia mabegani. Laurence na watoto wake wanne. Wazee wa chini. Wote wanaondoka kwa sababu yake na maua yake mekundu.

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka.

Akatoka Ineza, kilemba cha kulalia kichwani, ndala miguuni. Shule zilikuwa zimefungwa juma lile. Huyu mtoto humjibu mama yake kwa Kiingereza tangu akiwa darasa la kwanza. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa, ukimtaka ajibu anatazama dari. Leo alisimama katikati ya sebule, akasema polepole, kwa Kiswahili:

"Mimi nakaa hapa."

Kisha akamgeukia Ethan akarudia kwa Kiingereza. Anakaa hapa. Ana pumu. Hii hapa dawa.

Moyo wa Flaviana ukaruka kwa furaha. Ana akili huyu mtoto! Katunga uongo mzuri wa kuokoa jengo zima, na kautunga papo kwa papo! Akataka kupiga vigelegele. Akajizuia, akamkonyeza.

Ineza hakurudisha jicho.

"Naweza kuona chumba?" Ethan akauliza.

Ineza akausukuma mlango, na Flaviana akachungulia juu ya bega la mkaguzi, bado anatabasamu.

Kitanda kimetandikwa shuka la nyota, lile lililopotea kwenye kamba ya nguo. Mto ni wa Ineza. Vitabu vya Ineza vimepangwa kwa urefu, ukutani unyevu umepanda nyuma yake mpaka kiunoni. Na kwenye meza ndogo, ndani ya fremu, amekaa marehemu Ndikumana na suti yake ya harusi. Picha ile Flaviana aliitafuta fleti nzima. Alilia kwa ajili yake. Alidhani imetupwa na takataka.

Tabasamu likabaki usoni, halijui pa kwenda.

"Tangu lini?" akauliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Tangu baridi ianze," Ineza akasema. "Ukienda kazini, mimi napanda."

"Hapa hukohoi?"

"Nakohoa. Hapa pia nakohoa." Mtoto akatafuta maneno, hayakuwa mengi, akayapata. "Lakini kuna mtu anasikia."

Tone likaanguka kwenye beseni.

Flaviana akamgeukia Wairimu. Ningewaambia alikuwa na hasira, lakini hasira ingekuwa nafuu. "Ulinyamaza," akasema. "Tumekwangua dari pamoja, tumecheka, ukanyamaza."

"Mama Ineza, aliniomba nisikwambie. Ati utaacha kazi, na mtakula nini?"

"Usiniite Mama Ineza! Kwa kuwa mama umekuwa wewe!"

"Na mimi nilifanya nini? Mtoto anabisha na hana pumzi, nimfungie?"

"Ungenipigia simu!"

"Wewe? Uliniambia mbele ya jengo lote sina familia!"

Yohance akainua mikono miwili. Ethan alikuwa anaandika, na uso wake umechangamka. Haya mengine hakuyaelewa, ila alielewa kwamba kuna mtoto mwenye pumu ndani ya fleti iliyooza, na kwa kazi yake hilo lilitosha.

"Hii inabadilisha kila kitu," akasema. "Mtoto akiishi hapa, nadhani Jengo B litapita jioni hii."

Flaviana akasikia maneno aliyoyaombea, na hayakuwa na ladha. Jengo limepona. Laurence hatahama. Na dawa yenyewe ni kwamba mwanawe ni wa ghorofa ya juu.

"Kuna jambo moja la kunyoosha," Ethan akasema, akipapasa tableti kurudi kwenye picha za jana. "Fleti ya chini ina vyumba viwili. Nimeandika wanaishi mama na binti. Kama binti anaishi hapa, basi yule mama anaishi peke yake?"

Yohance hakutafsiri. Alianza kufikicha macho.

"Niambie," Flaviana akasema. "Niambie maana yake nini."

"Mama..." Kiswahili cha chuoni kikamtoroka Yohance, akakisaka. "Nyumba zikitengenezwa kwa ruzuku, vyumba vinagawiwa kwa hesabu ya watu. Mtu mmoja hapewi viwili. Utaondolewa. Utatafutiwa chumba kimoja popote kitakapopatikana, hata mji mwingine."

"Na nikisema mtoto ni wangu, anakaa kwangu?"

"Basi hapa hakuna mgonjwa. Na jengo linauzwa."

Ethan alikuwa anangoja, kidole juu ya kioo. Kwa kuwa fleti aliyosimama ndani yake ilikuwa ya Wairimu, na mwenye fleti ndiye anayeulizwa, akamgeukia Wairimu.

"Bibi, wewe ndiye mpangaji hapa. Yule mama wa chini, anaishi peke yake?"

Flaviana akamtazama Wairimu. Akatikisa kichwa tu, kidogo, kama anayemfukuza nzi: usiseme.

Wairimu akamwona. Alimwona vizuri kabisa. Kisha akanyoosha mkono, akamvuta Ineza ubavuni pake, na mtoto akakubali kuvutwa.

"Ndiyo," akamwambia mkaguzi. "Anaishi peke yake."